Daktari wa Akili, Tiba na Pesa Yako: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Daktari akimwambia mgonjwa wa malaria arudi baada ya siku tatu, hakuna anayenung'unika. Akimwambia mwenye sonona arudi kila wiki kwa miezi mitatu, na kila kikao kina bei yake, minong'ono inaanza nyumbani: huyu anamtibu ndugu yetu au anakula hela zetu? Swali hilo huulizwa jikoni na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lakini ni nadra kuulizwa mbele ya mtaalamu mwenyewe. Kwa hiyo wapo wanaokatisha tiba iliyokuwa inawasaidia, na wapo wanaoendelea kulipia tiba iliyopaswa kuwa imekwisha.

Jibu fupi ni ndiyo: pesa huwasukuma wataalamu wa afya ya akili, kama inavyomsukuma kila anayefanya kazi ili ale. Lakini tamaa ya mtu mmoja mmoja inaeleza sehemu ndogo ya jambo hili. Sehemu kubwa inaelezwa na njia anayolipwa: kwa mwezi, kwa kikao, kwa kitanda au kupitia dawa. Kila njia ina upande inakoegemeza uamuzi wa tiba, hata pale anayeamua ni mtu mwadilifu. Nia ya daktari huwezi kuiona, ila namna anavyolipwa unaweza kuiuliza, na ukishaijua utajua wapi pa kuwa macho.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mgonjwa na ndugu anayemlipia. Yanaeleza mvuto wa kila njia ya malipo, namna ya kutofautisha tiba ndefu ya halali na ile inayorefushwa, maswali ya kuuliza, na pa kwenda mambo yakiharibika.

Kwa nini tiba ya akili iko wazi zaidi kwa mvuto wa pesa

Mwaka 1963 mchumi wa Marekani Kenneth Arrow alieleza kwa nini soko la tiba halifanani na soko la bidhaa nyingine: mnunuzi hajui anachohitaji, na anayejua ndiye muuzaji. Ni kama kwa fundi wa gari, ambaye ndiye anayesema kilichoharibika na ndiye anayekuuzia kipuri. Hali hiyo iko katika kila tawi la tiba, lakini kwenye afya ya akili inazidi kwa sababu nne.

Ya kwanza ni vipimo. Malaria huonekana kwenye darubini na mfupa uliovunjika huonekana kwenye eksirei. Sonona, skizofrenia na hofu iliyopitiliza hutambuliwa kwa mazungumzo, historia ya mgonjwa na tabia anayoionyesha. Vipimo vya damu huagizwa zaidi ili kuondoa magonjwa mengine yanayofanana nayo, kama matatizo ya tezi la shingo au maambukizi yaliyofika kwenye ubongo.

Ya pili ni mwisho wa tiba. Kidonda kikifunga, kila mtu anaona. Huzuni iliyopungua haionekani kwa jirani, na pengine hata mgonjwa mwenyewe hana hakika kama amepona au amezoea.

Ya tatu ni kwamba anayelipa mara nyingi siye anayetibiwa. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji, na kwenye ugonjwa wa akili msemo huo hutekelezwa kupita kiasi: ndugu wanalipa, daktari anaamua, na mwenye mwili wake haambiwi kitu. Mlipaji hayumo chumbani kusikia kinachofanyika, na aliyemo chumbani hajui kinagharimu kiasi gani.

Ya nne ni aibu. Familia iliyotozwa kupita kiasi kwa jino itasimulia mtaa mzima. Iliyotozwa kwa ugonjwa wa akili itanyamaza ili siri ya nyumba isitoke, na kliniki yenye nia mbaya inalijua hilo.

Analipwaje? Njia nne na mvuto wake

*Mshahara wa mwezi.* Daktari, mwanasaikolojia au muuguzi wa hospitali ya umma hupata kiasi kilekile akiona wagonjwa 10 au 60. Hana faida ya kukurudisha bila sababu, na hilo ni jema kwako. Upande wa pili ni kwamba hana pia faida ya kukaa nawe dakika 40 wakati benchi la nje limejaa. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za 2020 zinaonyesha kuwa nchi za kipato cha chini zina wahudumu wa afya ya akili wasiofika 2 kwa kila watu 100,000, huku za kipato cha juu zikiwa na zaidi ya 60. Serikali za dunia kwa wastani hutenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa huduma hizi. Ukipewa dakika tano na karatasi ya dawa, sababu huwa ni foleni zaidi ya dharau.

Mshahara una mtego mwingine. Wataalamu wengi wa umma Afrika Mashariki wana kliniki binafsi ya jioni, jambo ambalo peke yake si kosa. Tatizo huanza pale mgonjwa aliyekuja asubuhi hospitalini anapoambiwa, "Njoo kule kwangu jioni tuzungumze vizuri." Inawezekana kweli jioni kuna utulivu. Inawezekana pia asubuhi imeachwa iwe mbaya ili jioni ipate wateja. Uliza kama huduma hiyo hiyo inatolewa hapo hospitalini na siku gani. Mtaalamu mwaminifu atakupa siku, hata kama ni mbali.

*Malipo kwa kila kikao.* Hii ndiyo njia ya kliniki nyingi binafsi. Mtaalamu analipa pango, umeme, msaidizi na kodi kutokana na vikao, na siku bila mgonjwa ni siku ya hasara. Faida yako ni kwamba anakupa muda na kukusikiliza. Mvuto wa kuangalia ni wa aina mbili: kumbakiza mgonjwa ambaye ameshapata nafuu, na kuchagua wagonjwa wenye uwezo na matatizo mepesi huku wale wagumu wakiachiwa hospitali ya umma.

Bima ikiingia kati, kiwango inacholipa kinaweza kubadilisha taaluma nzima. Mfano uliochunguzwa vizuri ni Marekani. Katika 1996 hadi 1997, asilimia 44.4 ya miadi ya madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ilihusisha tiba ya mazungumzo. Kufikia 2016 ilikuwa asilimia 21.6. Mwaka 2011 gazeti la The New York Times lilieleza hesabu iliyo nyuma ya mabadiliko hayo: miadi mitatu ya kuandikiwa dawa, kila moja dakika 15, ilimpa daktari dola 150, wakati kikao kimoja cha mazungumzo cha dakika 45 kilimpa dola 90. Madaktari hawakuamka siku moja wakiwa na roho mbaya. Malipo yaliwaelekeza kwenye kalamu. Wengine walijitoa kwenye bima kabisa: utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha kuwa ni asilimia 55 tu ya madaktari wa akili nchini humo waliokuwa wakipokea bima binafsi, ikilinganishwa na asilimia 89 ya madaktari wa fani nyingine.

*Malipo kwa siku za kitanda.* Mvuto wake ni rahisi kuuelewa: kitanda kitupu hakiingizi kitu. Mwaka 1994 kampuni ya hospitali ya National Medical Enterprises ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 379, na kampuni yake tanzu ya hospitali za akili ikakiri makosa ya jinai, baada ya uchunguzi kuhusu malipo ya siri kwa waliowaleta wagonjwa na kulazwa kwa watu wasiostahili kulazwa. Mwaka 2020 kampuni nyingine kubwa, Universal Health Services, ilikubali kulipa dola milioni 122 kumaliza madai ya aina hiyo, bila kukiri kosa.

Kwetu, mahali pa kuangalia zaidi ni nyumba za upataji nafuu kwa waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Nyingi hutoza familia kwa mwezi. Wapo waendeshaji wenye moyo, baadhi yao wakiwa waraibu waliopona, na wapo waliogundua kwamba mzazi aliyechoka atalipa miezi mingi ili apumzike. Tanzania vituo hivi vinasimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na Kenya vinapewa ithibati na NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Omba kuona cheti kabla hujaacha mtoto wako mlangoni.

*Faida inayopitia kwenye dawa.* Kampuni za dawa hutuma wawakilishi wao kwa madaktari wakiwa na sampuli, chakula cha mchana na mialiko ya mikutano. Mwaka 2009 kampuni ya Eli Lilly ilikubali kulipa dola bilioni 1.4 kwa kuitangaza dawa yake ya Zyprexa kwa matumizi ambayo haikuidhinishiwa, ikiwemo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Mwaka 2012 kampuni ya GlaxoSmithKline ililipa dola bilioni 3 katika shauri lililohusu pia kuitangaza dawa yake ya sonona, Paxil, kwa watoto na vijana chini ya miaka 18 bila idhini. Sheria ya Marekani ya 2010 ikalazimisha kampuni kutangaza malipo na zawadi zinazompa daktari, na tangu 2014 mgonjwa yeyote wa huko anaweza kulitafuta jina la daktari wake mtandaoni. Sisi tunaweza kuanzia karibu zaidi: kliniki inayoandika dawa na kuziuza dirisha la pili.

Pesa ikiondolewa, je?

Ingekuwa rahisi kusema tiba ya akili iwe bure na mtaalamu afanye kwa wito. Historia inaonyesha mambo si mepesi hivyo. Sigmund Freud, mwasisi wa tiba ya uchambuzi wa nafsi, aliandika mwaka 1913 kwamba kwa takriban miaka kumi alitenga saa moja kwa siku, wakati mwingine mbili, kutibu bila malipo, na akaona wagonjwa wa bure wakizidi kuwa wagumu kutibika. Miaka mitano baadaye, akihutubia wenzake Budapest, yeye huyo alitaka maskini wapate tiba ya bure kama wanavyopata upasuaji. Kliniki za namna hiyo zilifunguliwa Berlin mwaka 1920 na Vienna mwaka 1922. Imani kwamba mgonjwa asiyelipa haponi haijathibitishwa. Asikubabaishe mtu kwa kusema ada kubwa ni sehemu ya dawa.

Mtaalamu asiyelipwa naye huacha pengo. Mgomo wa madaktari wa Kenya ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, kiini chake kikiwa makubaliano ya mishahara na mazingira ya kazi. Siku za mwanzo za mgomo wagonjwa wengi walitoroka katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Daktari bingwa wa akili amesoma shahada ya kwanza kwa miaka mitano au sita, akafanya mazoezi ya kazi, kisha akarudi chuoni kwa miaka mitatu au zaidi. Kumdai afanye kazi kwa sadaka ni kumwonyesha njia ya kwenda ughaibuni.

Kati ya tamaa na sadaka kuna mambo mengine yanayomsukuma mtaalamu, na mkoa wa Arusha umetoa ushahidi wake. Watafiti Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walichunguza waganga wa vituo vya kawaida, si wa akili peke yao, na kukuta kwamba wengi hufanya pungufu ya wanachokijua. Daktari mwenzao alipoketi chumbani kuangalia, ubora wa huduma ulipanda papo hapo bila nyongeza ya shilingi, kisha baada ya wagonjwa kadhaa ukarudi ulivyokuwa. Elimu ilikuwepo. Kilichokosekana ni jicho la mtu anayejali kazi inafanywaje.

Harare, Zimbabwe, ilitoa somo jingine. Mpango wa Benchi la Urafiki, ulioanzishwa mwaka 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda, unawatumia wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao mabibi wa mtaani, waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Wanakaa na mgonjwa kwenye benchi la nje ya zahanati kwa vikao sita hivi. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 ya waliokaa kwenye benchi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Mabibi hao hawakulipwa kwa kumrudisha mtu, na kila kikao kilikuwa na kazi inayoeleweka.

Tiba ndefu ya halali na tiba inayorefushwa

Muda mrefu peke yake si ushahidi wa wizi. Magonjwa mengi ya akili yanahitaji miezi au miaka. Vigezo hivi vya jumla vitakusaidia:

- Tiba ya mazungumzo yenye mpango kwa sonona au hofu ya kawaida huchukua kati ya vikao 6 na 20, mara nyingi kimoja kwa wiki. Ndani ya vikao vichache vya mwanzo panapaswa kuonekana dalili ya mabadiliko, au mpango ubadilishwe.
- Dawa za sonona huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi yake kikamilifu. Shirika la Afya Duniani linashauri ziendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Daktari anayekuambia usiache ingawa unajisikia vizuri anakulinda ugonjwa usirudi.
- Mwenye skizofrenia huendelea na dawa kwa angalau mwaka mmoja baada ya kutulia, na wengi huhitaji zaidi. Mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, yaani baipola, huhitaji angalau miaka miwili.
- Diazepamu na ndugu zake hutolewa kwa wiki chache tu, kwa sababu zina uraibu. Ukiona zinaandikwa mwezi baada ya mwezi kama dawa ya usingizi, uliza.
- Anayetumia litiamu au klozapini lazima apimwe damu mara kwa mara. Vipimo hivyo ni vya usalama, si vya kukamua mfuko. Picha ya ubongo ina maana kwa mwenye degedege, aliyeumia kichwa, au mzee aliyebadilika ghafla, lakini haihitajiki kwa kila mwenye huzuni. Na hakuna mashine ya kushika mkononi inayotoa majibu ya sonona, hata ikiwa na skrini ya rangi.
- Kulazwa ni kwa mtu aliye hatarini kujidhuru au kudhuru wengine, asiyekula, au asiyeweza kutibiwa akiwa nyumbani. "Kifurushi cha miezi mitatu" kilichopangwa kabla mgonjwa hajachunguzwa ni biashara.

Vigezo hivi havimhusu daktari peke yake. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa 2003 ulikuta matatizo ya kawaida ya akili kwa asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga wa jadi, mara mbili ya wale wa zahanati, asilimia 24. Pesa nyingi za tiba ya akili, pamoja na kuku na mbuzi, zinapitia huko. Anayetibu kwa mizizi au kwa maombi naye anapaswa kusema mwanzoni atafanya nini, kwa muda gani na kwa kiasi gani, na asimzuie mgonjwa kutumia dawa za hospitali.

Maswali ya kuuliza, na namna ya kuyauliza

Wengi hunyamaza kwa kuona kwamba kumuuliza daktari ni kumkosea adabu. Heshima na swali vinaweza kukaa pamoja. Anza hivi: "Daktari, naomba unieleweshe ili nijipange vizuri na familia." Kisha uliza:

1. Unaona tatizo ni nini, na nini kimekufanya ufikiri hivyo?
2. Lengo la tiba ni lipi? Tutajuaje kwamba amepata nafuu: usingizi, kula, kurudi kazini, kuacha kusikia sauti?
3. Unakadiria vikao vingapi, na tutapima maendeleo baada ya kikao cha ngapi?
4. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na kujisajili, vipimo na dawa? Bima yangu inalipia kipi?
5. Dawa hii ipo ya aina nyingine yenye kiini kilekile kwa bei nafuu? Naweza kununua duka lolote?
6. Nikishindwa kulipa katikati, utanielekeza wapi?
7. Umesajiliwa na baraza gani, na namba yako ni ipi?

Uliza la tatu na la nne kabla hujalipa chochote zaidi ya ada ya siku ya kwanza. Andika majibu. Mtaalamu mzuri hatachukia. Wengi hufurahi kupata mgonjwa anayefuatilia. Na ubora wa uhusiano huo una uzito wa kitabibu: uchambuzi wa tafiti 295 uliochapishwa 2018 ulithibitisha kwamba maelewano mema kati ya mtibu na mgonjwa huendana na matokeo bora ya tiba ya mazungumzo. Ndugu anayelipa naye ana haki ya kujua mpango na gharama, lakini yanayosemwa chumbani ni siri ya mgonjwa mpaka mwenyewe aridhie.

Dalili za kukufanya ujiulize mara mbili

- Ahadi ya kuponya kabisa kwa siku kadhaa, ikifuatana na malipo ya awali yasiyorudishwa.
- Malipo kwenye simu binafsi ya mhudumu na hakuna risiti. Hospitali za umma Tanzania hutoa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Kenya hulipwa kupitia namba rasmi ya kituo.
- Kutishiwa: "Ukimtoa leo atakufa, shauri yako," bila maelezo ya kitabibu.
- Vikao vinavyopita bila lengo, bila kumbukumbu, na bila mtu kuuliza kama hali imebadilika.
- Kuambiwa dawa lazima zinunuliwe dirisha lao tu.
- Mtaalamu kukopa pesa kwa mgonjwa, kufanya naye biashara, au kuanzisha naye mapenzi. La mwisho ni ukiukaji mzito wa maadili popote.
- Kukataa kutoa taarifa ya tiba ili upate maoni ya daktari mwingine.
- Mgonjwa kufungwa minyororo, kupigwa, kunyimwa chakula, au kuzuiwa kuonana na ndugu zake. Hapo usingoje kuuliza maswali. Mtoe na utoe taarifa.

Dalili moja inaweza kuwa na maelezo. Tatu kwa pamoja ni sababu ya kutafuta mtaalamu mwingine.

Usipokuwa na uwezo wa kulipa

Sera ya afya ya Tanzania ya 2007 inayaweka magonjwa ya akili katika kundi la magonjwa yenye msamaha wa gharama kwenye vituo vya umma. Dawa zikikosekana dirishani au ukidaiwa usichoweza, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ndiye anayeshughulikia msamaha. Usianzie hospitali kubwa ya Dodoma au Dar es Salaam kama hali si ya dharura. Hospitali ya wilaya au ya mkoa mara nyingi ina muuguzi au daktari aliyefundishwa afya ya akili, na nauli utakayookoa ni sehemu ya tiba.

Kenya, sheria ya afya ya akili kama ilivyorekebishwa 2022 inatambua haki ya mgonjwa kupewa taarifa, kushiriki kupanga tiba yake na kupata bima bila kubaguliwa. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa bima wa NHIF Oktoba 2024; kabla ya kulazwa uliza kituo chako ni huduma zipi zinafidiwa na zipi hazifidiwi.

Kwa uraibu wa heroini, kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, ilifunguliwa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011 na dawa hutolewa bure. Baadaye huduma hiyo ilifika mikoa mingine, na Kenya ikafungua kliniki kama hizo Mathari na ukanda wa pwani. Familia inayouza kiwanja ili kulipia nyumba ya binafsi ipite kwanza huko.

Kliniki binafsi nyingi pia hupunguza bei kwa wanaosema ukweli mapema. Unaweza kuomba vikao kila wiki mbili badala ya kila wiki, au kuandikiwa kazi za kufanya nyumbani kati ya vikao.

Pa kupeleka malalamiko

Anza na mganga mfawidhi wa kituo, kwa maandishi, ukiwa na risiti, tarehe na nakala za dawa ulizoandikiwa. Usiporidhika, Tanzania Bara malalamiko dhidi ya daktari yanapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na dhidi ya muuguzi kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mganga mkuu wa wilaya naye ana wajibu wa kukusikiliza, hasa kwa vituo binafsi. Zanzibar ina mamlaka zake. Kenya, madaktari na hospitali wako chini ya baraza la madaktari la huko, KMPDC, na washauri nasaha na wanasaikolojia wana bodi yao iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Ukiombwa rushwa, piga TAKUKURU namba 113 ukiwa Tanzania, au EACC namba 1551 ukiwa Kenya.

Tahadhari moja kubwa: usiache dawa ghafla kwa sababu umemshuku daktari. Dawa nyingi za akili zikikatishwa kwa siku moja huleta dalili kali au kuurudisha ugonjwa kwa nguvu. Badilisha daktari kwanza, kisha huyo mpya aamue kuhusu dawa. Na mtu akizungumzia kujiua, nenda hospitali iliyo karibu usiku huohuo. Hesabu za gharama zitasubiri asubuhi.

Mtaalamu wa afya ya akili ana haki ya kulipwa vizuri, na mgonjwa ana haki ya kujua analipia nini. Utafiti wa Arusha umeonyesha kwamba kazi hufanywa vizuri zaidi pale inapotazamwa. Kwenye chumba cha tiba ya akili hakuna mkaguzi, ila wewe na ndugu yako mpo. Kwenye miadi ijayo nenda na yale maswali saba yakiwa yameandikwa, uyaulize kwa adabu, na usitoke bila majibu.